Bukavu: chupa ya plastiki nayo ipewe bei

Mjini Bukavu, ni vigumu kukuta chupa ya bia imelala mtaroni. Anayeiona anaiokota, kwa sababu anajua ina franga zake dukani. Chupa ya maji ya plastiki inatupwa mbele ya macho ya wote, na mvua ikinyesha inateremka kutoka vilima vya Kadutu hadi ziwa Kivu. Wanaozitupa ni watu wale wale. Kinachotofautisha chupa hizo mbili ni bei.

Jambo hilo likumbukwe kila mara mafundi wanaogeuza takataka kuwa vitu vya maana wanaposifiwa. Sifa hizo ni haki yao. Bukavu kuna vijana na akina mama wanaosuka vikapu na kutengeneza vigoda na vyungu vya maua kwa plastiki iliyookotwa kandokando ya ziwa. Kinshasa, mchongaji Freddy Tsimba amejulikana duniani kwa sanamu alizounganisha kwa maganda ya risasi, vijiko na mapanga. Marehemu Bodys Isek Kingelez alijenga miji ya ndoto kwa karatasi na maboksi, na mwaka 2018 jumba la MoMA, mjini New York, lilimfanyia maonyesho makubwa.

Hata hivyo, sanaa peke yake haifagii mji. Msusi wa vikapu anachukua chupa anazohitaji, lakini mvua ya usiku mmoja inaleta nyingi kuliko anazoweza kutumia. Zinazobaki zinasukumwa na maji hadi mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani, kwenye bwawa la Ruzizi 1, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo takataka zinaziba njia ya maji na kuharibu mashine, na inabidi watu wapige mbizi kuzitoa. Mashine ikisimama, umeme unakatika: mwenye kinu cha unga anangoja, saluni inafungwa, watoto wanasoma kwa mshumaa.

Watengeneza mbabula wanaonyesha njia nyingine. Wanafua mabati ya zamani na mapipa yaliyotoboka, na wenzao wanayeyusha aluminiamu chakavu kupata masufuria mapya. Hawakungoja semina ya mazingira. Chuma chakavu kina mnunuzi anayekipima kwa kilo, na kila nyumba inahitaji mbabula. Ndiyo maana sufuria iliyopasuka haikai sana njiani.

Plastiki haina mnunuzi wa namna hiyo, na sheria peke yake haijampata. Tangu tarehe 30 Desemba 2017, Kongo ina amri ya serikali inayokataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko na vifungashio vya plastiki. Sokoni, mifuko hiyo bado inatolewa kama kawaida.

Kampuni zinazouza maji na vinywaji katika plastiki zidaiwe kile ambacho wauzaji wa bia wamezoea tangu zamani: konsinye. Mnunuzi anaacha franga kidogo, akirudisha chupa anazipata tena. Wengine watasema maji yatapanda bei kwa mwananchi maskini. Lakini franga hiyo inarudi mkononi mwake, au mkononi mwa mtoto wa jirani aliyeokota chupa. Gharama ya umeme unaokatika haimrudii mtu yeyote.

Konsinye itamsaidia fundi pia. Leo anatumia saa nyingi kuokota na kuosha matope kabla ya kuanza kusuka, na mteja anataka kikapu kwa bei ya chini. Chupa zikikusanywa mahali pamoja zikiwa safi, atabaki na kazi anayoijua, ile ya mikono yake.

Viongozi wa mji wanaohudhuria maonyesho ya mafundi hao na kupiga makofi wana pa kuanzia. Wachague komini moja, waite wauzaji wa vinywaji mezani, wajaribu konsinye kwa msimu mmoja wa mvua, kisha wahesabu takataka zinazofika bwawani.