Gunia la Dhuluma

Ndugu wananchi, nendeni Kinangop au Ol Kalou msimu wa mavuno mkaone jinsi sheria inavyozikwa mchana kweupe. Mkulima wa Nyandarua huleta viazi alivyovilea kwa mbolea ya deni na jasho lake mwenyewe. Dalali humpokea kwa gunia lililoongezwa kilemba juu: lumbesa. Bei ni ya gunia moja. Uzito ni wa gunia na ziada isiyolipiwa. Akinung'unika, huambiwa arudi navyo nyumbani. Lakini kiazi hakingoji haki, huoza.

Msidhani kwamba sheria haipo. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Aidha, Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kilimo, masoko na usimamizi wa biashara ya haki. Basi tunauliza: lori lililosheheni lumbesa hupitaje kwenye kizuizi cha ushuru? Mtoza ushuru ana macho ya kuona pesa, hana macho ya kuona gunia? Na pale ushuru unapotozwa kwa idadi ya magunia, si kwa uzito, hazina ya kaunti nayo huibiwa pamoja na mkulima.

Wako wanaodai kwamba mkulima hukubali mwenyewe. Mimi ni wakili. Najua mapatano ni nini. Mtu anayedaiwa karo ya mwanawe, asiye na ghala, ambaye barabara yake hugeuka tope mvua inyeshapo, hakubali. Husalimu amri.

Wazee wetu waliposhinikiza hadi Kifungu cha 2A kikafutwa mwaka 1991, hawakutaka vyama vingi ili tupate wanyonyaji wengi. Walitaka serikali inayowajibika. Katiba ya 2010 iliisogeza serikali hiyo hadi mlangoni petu. Sasa nayo na ipimwe.

Waumini, nabii Amosi aliwakemea wachuuzi waliochezea vipimo. Mimbari zenu zisinyamaze. Wakulima, uzeni kwa kilo kupitia vyama vyenu vya ushirika, kwani mmoja mmoja mtaendelea kumezwa. Wanaharakati, hudhurini vikao vya bajeti ya kaunti mkadai mizani katika kila soko. Na mwakilishi wa wadi atakayelikwepa swali hili, akumbushwe siku ya kura.

Kilo ni kilo. Haki haina lumbesa.