Wanariadha, wapisheni punda njia

Alfajiri katika mji wa Iten na vijiji vilivyo kando yake, barabara za vumbi huwa na shughuli mbili kwa wakati mmoja. Makundi ya wanariadha huwa mbioni kabla jua halijachomoza. Saa hiyo hiyo mfugaji naye huwa amekwisha kukamua, amempakia punda wake mitungi ya maziwa na kushika njia ya kwenda kwa mnunuzi.

Barabara ni hiyo moja, na wote wana haki ya kuitumia. Lakini wanapokutana, tunaamini kuwa mwenye miguu myepesi ndiye anayepaswa kupunguza mwendo.

Sababu iko katika maumbile ya mnyama mwenyewe. Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Huona vizuri kulia na kushoto, lakini hamwoni aliye nyuma yake kabisa. Watu ishirini wakimjia mbio kwa nyuma bila kusema neno, yeye husikia vishindo tu asijue ni vya nini. Punda mmoja huganda pale pale hata achapwe vipi, mwingine huruka pembeni na mzigo wake, na mwingine hutupa teke. Kisha watu husema asante ya punda ni mateke, ilhali aliyekosea ni aliyemshtua.

Hasara yake si ndogo. Mtungi ukipinduka, mfugaji mdogo amepoteza mauzo ya asubuhi nzima. Mwanariadha naye akipigwa teke la goti, huenda msimu wake ukaishia hapo.

Punda wenyewe wamepungua. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Biashara ya ngozi, iliyoshika kasi baada ya vichinjio vya punda kuanza kufunguliwa mwaka 2016, ilichangia upungufu huo. Aliyebaki na punda wake ana kila sababu ya kumlinda.

Linalotakiwa ni jambo dogo. Mwanariadha apunguze mwendo mapema na kumsalimu mwenye punda kwa sauti ya kawaida. "Chamgei" au "habari ya asubuhi" inatosha, kwani mnyama akisikia sauti ya mtu hutambua ni nani anayekuja. Kundi lipite kwa mstari mmoja, mbali na miguu ya nyuma, bila kelele wala kupiga makofi. Asipite mtu kati ya punda na mtoto wake. Mnyama akiwa amekwisha kushtuka, wakimbiaji wasimame hadi mwenyewe awaruhusu.

Wenzetu wa Uingereza wameliandika jambo kama hili katika kanuni zao za barabara. Tangu Januari 2022, kanuni hizo zinamshauri dereva ampite farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, akiacha nafasi ya angalau mita 2. Sisi hatuhitaji kusubiri kanuni.

Wenye punda nao wana wajibu. Wamshike mnyama hatamu, wakae upande mmoja wa barabara, na wamfunge kitambaa cheupe kungali giza. Kumchapa punda aliyeogopa humzidishia hofu. Makocha na wenye kambi nao wawaeleze wageni haya siku ya kwanza, kwa kuwa wengi hutoka miji ambako punda haonekani.

Wanariadha na wafugaji hawa wanategemeana. Kambi za mazoezi ni soko la maziwa, mboga na mayai ya wakulima wa hapo, na maziwa yanayomwagika barabarani asubuhi ndiyo mwanariadha atakayoyatafuta dukani jioni. Uungwana ni vitendo, na huu haugharimu hata shilingi moja.