Tuung'oe Mathenge, Tupande Nyasi

Ndugu zangu wa Marigat, Salabani, Ng'ambo, Loboi na vijiji vyote vya ukanda wa Ziwa Baringo,

Mti wa mathenge uliletwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili utupe kuni na uzuie ardhi isimomonyoke. Leo umeziba njia za mifugo na kumeza malisho. Mwaka 2006 wenzetu walifika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Tangazo halikung'oa kisiki hata kimoja. Kazi hiyo ni yetu.

Wengi tumekata mathenge, tukangoja nyasi, zisiote. Majani ya mti huu yana kemikali zenye sumu, zikiwemo alkaloidi. Mvua ikiyaosha, au yakidondoka na kuoza, sumu huingia kwenye udongo wa juu, palepale mbegu za nyasi zilipo. Nyingi hazioti; zinazoota hudumaa mizizi, jua likiwaka zikanyauka. Mathenge wenyewe hauna shida hiyo, maana mizizi yake hufuata maji mbali chini. Kivuli chake nacho huzinyima nyasi mwanga. Ndiyo maana chini yake ardhi huwa tupu hata mvua ikinyesha vizuri.

Panga peke yake halitoshi. Ukikata juu ya ardhi, kisiki huchipua mashina tele. Na ukisafisha kwako pekee, mbuzi wa jirani watakula maganda matamu, wakuletee mbegu kwenye kinyesi. Mafuriko nayo huzibeba bila kuuliza shamba ni la nani.

Nawaomba tufanye haya kijiji kizima, msimu mmoja:

Kwanza, tung'oe miche ingali midogo, udongo ukiwa na unyevu. Tuwe waangalifu tusiing'oe migunga yetu.

Pili, miti mikubwa tuichimbe hadi tukate chini ya shingo ya mzizi. Mashina yatatupa makaa na nguzo.

Tatu, tuondoe majani yaliyorundikana, kisha mvua inapoanza tupande nyasi za kienyeji. Mifugo isiingie hadi zishike vizuri. Tukiacha ardhi wazi, mathenge utarudi.

Nne, tuokote maganda na kuyasaga mpaka mbegu zipasuke, ndipo tuyachanganye na lishe ya mifugo.

Kwa serikali ya kaunti, tunaomba mashine za kusagia, mbegu za nyasi na utaratibu mwepesi wa vibali kwa wanaochoma makaa ya mathenge.

Baraza lijalo la chifu tusizungumzie hasara tena. Tuchague eneo la kuanzia, tupange zamu, tukubaliane siku. Mwenye sururu aje nayo. Asiye nayo aje hivyo hivyo, maganda ya kuokota ni mengi.