Chatu Mchanga Hafundishwi kwa Fimbo

Wapo wanaosema kwamba chatu mchanga lazima achokozwe kwa fimbo ili azoee vurugu za uwanjani kabla ya ngoma za Bulabo pale Bujora. Mimi nakataa. Niliwahi kumwona mmoja, kijijini, akijiviringa kama mpira na kuficha kichwa, huku kijana akimchokoachokoa na watu wakicheka. Walisema ni mkaidi. Kumbe alikuwa na hofu.

Nyoka hana sikio la nje. Mshindo wa ngoma humwingia kutoka ardhini, mwili mzima. Kiumbe wa namna hiyo huzoeshwa taratibu: kwanza mkono uliotulia, kisha ngoma ya mbali, ndipo ya karibu. Asishikwe akiwa ametoka kula, maana atatapika. Akijikunja, aachwe apumzike.

Najua Bagika na Bagalu hugombea watazamaji, na kila upande unataka ushindi. Lakini anayemtisha chatu wake leo, asishangae kung'atwa kesho mbele ya umati huo huo. Kama mwezi wa sita hayuko tayari, asubiri mwaka ujao. Ngoma haifi kwa kumkosa chatu mmoja.