Walihesabu nyumba na miembe, kiwanja hawakukihesabu

Kila mara kampuni ya madini inapopanua karieri huku kwetu, kati ya Fungurume na Kolwezi, mambo yanaanza namna moja. Watu wenye kofia ngumu wanafika na daftari. Wanaandika namba kwenye ukuta wa nyumba. Wanahesabu vyumba, mabati, miembe, mashamba ya mahindi na ya muhogo. Mwenye lupango anatia sahihi ao anaweka kidole. Kisha wanapita katikati ya kijiji, pale kwenye vumbi jekundu, ambako kuna miti miwili imesimamishwa huku na miwili kule. Daftari haifunguliwi. Hakuna mtu wa kutia sahihi, juu kiwanja cha mpira si mali ya mtu.

Wapenzi wasikilizaji wa Fungurume na Tenke, na ninyi jamaa mliohamishwa mnaotusoma kutoka kule mlikopelekwa, maoni yangu leo ni haya: kiwanja kihesabiwe. Kiandikwe pamoja na nyumba na miti, na kijengwe kingine kule watu wanakoenda, kabla ya lori la kwanza kupakia vitanda.

Najua kuna wenye watacheka. Mama anayetembea mbali kutafuta mai ya kunywa ataniuliza kama nimeshiba mno hata nazungumza habari ya mpira. Ninamwelewa. Mai kwanza, dispensari kwanza, masomo kwanza. Lakini hivyo vyote viko tayari katika mazungumzo, hata kama ahadi zinachelewa. Kiwanja hakiko hata katika mazungumzo, na mimi naona kinabeba kitu ambacho nyumba haibebi. Nilikiona nikiwa mtoto wa internati.

Nilisoma kwenye shule ya misioni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina lake naliacha, shule zetu za wakati ule zilifanana. Watoto walitoka mbali. Wengine walikuja kwa treni, wakibadilisha pale Tenke ambako reli inagawanyika, moja kwenda Kolwezi na Dilolo, nyingine kwenda Bukama na Kamina. Kila mmoja alifika na sanduku lake la bati, na unga aliopewa na mama yake, na lugha yake. Kulikuwa na Wasanga, Waluba, Walunda, Wachokwe, Wandembu, na watoto wa Kasai ambao baba zao walifanya kazi Gécamines ao kwenye reli. Usiku wa kwanza kwenye bweni tulipanga vitanda kwa lugha. Prefe alitukaripia, alituchanganya, na sisi usiku tulirudisha vitanda.

Kiwanja ndicho kilituchanganya. Saa kumi, kengele ikigonga, kulikuwa na saa moja na nusu ya mchezo kabla ya kwenda kuchota mai na kuingia kwenye masomo ya jioni. Makapteni wawili walisimama, wakachagua mmoja mmoja. Hakuna kapteni mwenye akili atachagua ndugu wa lugha yake akiwa hajui kupiga mpira, juu watu wote wanaangalia. Na uwanjani huwezi kuomba pasi kwa lugha ambayo mwenzako haisikii. Kifaransa cha kalasi hakikutosha, kilikuwa kirefu mno. Tulipiga kelele kwa Kiswahili. Wengine wetu Kiswahili tulikijulia pale, na cha matusi ndicho kilitangulia.

Mpira wa ngozi ulikuwa mmoja tu, ulifungiwa ofisini mwa prefe, ulitoka siku ya Mungu baada ya misa. Siku zingine tulicheza na mpira wa mifuko ya plastiki uliobanwa kwa raba ya gurudumu la baiskeli. Viatu havikutosha. Jozi moja ilivaliwa na watu wawili, mmoja akivaa cha kuume, mwingine, mwenye kupiga kwa mguu wa kushoto, akivaa cha kushoto. Ukiona watoto wawili wenye viatu vya rangi moja, kila mmoja na mguu mmoja mtupu, ujue wamekuwa ndugu. Kiwanja chenyewe kilitelemka upande wa mto, kwa hiyo kila timu ilipenda kushambulia kwenda chini, na kwenye kona moja kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho hakuna mtu aliweza kukivunja. Kichuguu kile kilikuwa tribini yetu. Mpira ukianguka kwenye muhogo wa mpishi, mpishi aliuweka mpaka tumletee kuni. Bukari ya siku ile ililiwa na maneno ya mechi, na maharage yenye mawe hayakusikika menoni.

Hii si habari yetu peke yetu. Mulungwishi, misioni ya Wamethodisti iliyo njiani ukitoka kwetu kwenda Likasi, ao Imara ya Wasalesiani kule Lubumbashi: uliza mzee aliyelala bweni pale, angalia kama hataanza na mpira kabla ya hesabu. Na ile timu ambayo nusu ya Fungurume inafunga redio juu yake ikishindwa ilizaliwa hivyo. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, mjini Élisabethville, wakitafuta kitu cha kuwapa wanafunzi ambao hawakuwa wakielekea upadri. Iliitwa kwanza Saint-Georges. Baadaye ikawa Englebert, jina la kiwanda cha magurudumu, ikachukua kombe la Afrika la klabu bingwa mwaka 1967 na 1968. Ikalichukua tena 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 ilifika fainali ya dunia kule Abu Dhabi, ikafungwa 3-0 na Inter ya Milano, na siku ile hata wenye kupenda Lupopo walikaa mbele ya televisheni. Yote ilianza na wanafunzi wasio na la kufanya jioni, na eneo la ardhi ambalo hakuna mtu aliruhusiwa kulima ao kujenga juu yake.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 1992 jamaa za asili ya Kasai zilianza kufukuzwa Likasi, na mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu walilala kwenye stesheni wakingojea treni, wengine walifia pale. Wazee wanakumbuka, vijana mara nyingi hawajaambiwa. Kwetu internati tulijua kwa njia ya vitanda. Leo kitanda kimoja kitupu, kesho viwili. Golikipa wetu aliondoka, na beki wa kushoto pia, yule mwenye kiatu kimoja. Mwenye kiatu cha kuume alibaki nacho. Jioni ile tulicheza bila golikipa karibu nusu saa, hakuna aliyetaka kwenda kusimama kati ya ile miti miwili. Kisha tukaacha, mpira wa siku ile haukumalizika.

Miaka mingi baadaye golikipa alinipata kwa simu, akiwa Mbuji-Mayi, mtu mzima mwenye watoto. Hakuuliza kama walimu bado wako wala kama majengo yamesimama. Aliuliza kichuguu kama kiko.

Ndiyo sababu nasema kiwanja kinabeba kitu. Mtu aliyehamishwa anaweza kupewa nyumba ya matofali bora kuliko ile ya udongo aliyoiacha, na bado akawa mgeni kwa miaka kumi. Angalieni huku. Kabla TFM haijaanza kutoa shaba mwaka 2009, kulikuwa tayari na vijiji vilivyohamishwa. Kule Kolwezi, Kasulo ilichimbwa chini ya vyumba vya kulala tangu kobalti ionekane pale mwaka 2014, kisha wakaaji wengine wakahamishwa. Cité Gécamines inasukumwa na karieri, na Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kolwezi la IBGDH walitoa ripoti kuhusu kufukuza watu kwa namna hiyo. Watoto wa jamaa hizi wanafika kwenye kartie mpya, na wanafanya kama sisi usiku wa kwanza bwenini: wanapanga vitanda kwa lugha. Waliofika wanacheza mbele ya pompe yao, wenyeji mbele ya yao. Ao wote wanacheza barabarani, wakikimbia kila lori la asidi linapopita. Mnajua barabara yetu. Sihitaji kueleza.

Na wale waliotoka Kivu juu ya vita wana shida ileile pamoja na nyingine nyingi. Tarehe 7 Februari 2024, pale Abidjan, kabla ya nusu fainali na Kodivaa, Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia ione Mashariki. Mechi tulipoteza 1-0. Picha ile ilipita mahali ambapo hotuba nyingi hazikupita.

Sheria inatoa njia. Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inaidai kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na itie sahihi daftari la masharti pamoja nao. Kiwanja kinaweza kuingia mle. Si kitu cha bei: mita 100 kwa 60, mbali na barabara, pamesawazishwa, na mfereji ili mvua ya Januari isikibebe. Mashine zinazokata mlima zinaweza kufanya kazi hiyo kwa muda mfupi.

Ila tusiwatupie kampuni mzigo wote. Viwanja vingapi vimekatwa nyumba na nyumba na viongozi wetu wenyewe na kuuzwa kama lupango? Kiwanja bila karatasi ni shamba la mwenye njaa. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, kamati ya kijiji ipige picha kiwanja cha zamani, ikipime kwa hatua, ichukue alama yake kwa simu, na chifu aandike mbele ya watu kwamba ni mali ya wote. Kile kipya kipate karatasi kwa jina la wakaaji, si kwa jina la chifu wala la kampuni.

Na kiwe cha wasichana pia. Kwetu internati wasichana walikaa juu ya kichuguu wakiangalia, na hakuna mtu aliyeona ajabu. Novemba 2024 Mazembe ya wanawake ilichukua kombe la Afrika la klabu bingwa kwa kuifunga AS FAR ya Morocco 1-0, ikiwa Morocco kwenyewe. Basi tusiambiane tena kwamba wao wanatosha kushangilia.

Tumeanza kukusanya orodha ya viwanja vilivyopotea kati ya Tenke, Fungurume na Kolwezi. Tunaomba vitu vitatu tu: jina la kijiji ao kartie, mwaka ambao mpira ulichezwa pale mara ya mwisho, na kitu gani kimesimama pale leo. Mkikumbuka mti, kichuguu ao jiwe lililokuwa kwenye kona, liandikeni pia.