Utafiti kwa Baiskeli: Ratiba Ifuate Jua

Wahenga walinena: tembea uone. Hawakueleza tutembee saa ngapi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi katika maeneo ya Embu na Meru aghalabu huandaliwa vyema kwa hojaji na vinasa sauti, lakini hawaandaliwi kukabiliana na jua wala nzi. Maoni yangu ni kwamba baiskeli ni chombo bora cha utafiti huo, mradi ratiba ya kazi ifuate jua. Ratiba inayolipuuza jua huhatarisha maisha, na isitoshe, huukosesha utafiti wenyewe matunda.

Kwanza, kwa nini baiskeli? Anayesafiri kwa matatu kutoka Embu hadi Meru hupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, kwenye miinuko ya mashariki mwa Mlima Kenya yenye kahawa, majani chai na hewa ya baridi. Ukanda wa joto wa Mbeere na Tharaka hauoni. Uko chini zaidi, kule Siakago, Ishiara na Marimanti, panapolimwa ndengu, mtama na maembe. Katika njia za vumbi za huko, mwenye baiskeli hufika palipo na mji wa mtu, tena hufika akiwa amekwisha kusalimiana na nusu ya kijiji. Mtafiti anayeshuka garini hana ujamaa huo.

Hata hivyo, mteremko huo una hadaa. Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali bwawa la Kiambere liko kwenye mita 700 hivi. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Anayeondoka Embu alfajiri akiwa na sweta huteremka akipepewa, asihisi jasho linavyomkauka mwilini. Kufikia saa sita, upepo umekwisha, kilima kiko mbele yake, na chupa ya maji ni tupu.

Hilo lilitupata Februari moja tukiwa watatu. Ratiba tuliyopewa ilitutaka tuwahoji watu sita kabla ya jioni, nasi tukaona aibu kupumzika. Saa saba mchana, karibu na Ishiara, mwenzetu alianza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Ngozi yake ilikuwa ya moto na miguu haikumtii. Mama mmoja mzee alituita chini ya mwembe wake, akamlaza, akammwagia maji shingoni na kifuani, akampepea kwa leso. Huku akipepea alituuliza: "Wajukuu wangu, hata mbuzi wamelala. Nyinyi mnakimbilia wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulimkimbiza mgonjwa kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, akapona. Angeweza kufa.

Kesho yake tulirudi kwa nyanya yule kumshukuru, safari hii adhuhuri kwa makusudi. Tulimkuta pamoja na majirani, kazi za shambani zimesimama, vitendawili na visa vikipokezanwa. Saa ile tuliyokuwa tukiipoteza barabarani ndiyo saa ambayo wenyeji wana nafasi ya kuzungumza. Siku zilizotangulia tuliwahoji wakiwa na jembe mkononi, wakatujibu kwa neno moja moja.

Kuhusu nzi, wengi huwafanyia mzaha. Nzi wa kawaida hufuata unyevu na chumvi ya jasho, hasa machoni na mdomoni. Baiskeli ikienda kasi hubaki nyuma, lakini kwenye kilima humwandama mpandaji. Kuwafukuza kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika usukani juu ya changarawe ni kujitafutia kuanguka. Kitambaa chepesi chini ya kofia na miwani hufaa zaidi. Tena tusipumzike karibu na zizi au maembe yaliyooza, na tunawe kabla ya kula, kwani nzi hatuambii alikotoka.

Mbung'o ni mwingine. Ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Meru, mdudu huyu hufuata kitu kinachosogea na huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwendesha baiskeli na avae kaki au rangi nyingine hafifu, tena nguo nzito kidogo, kwa kuwa mbung'o hupenya kitambaa chepesi. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma, lakini mifugo ingali inaugua nagana. Msomi wa lugha naye ana la kujifunza hapa. Ni aibu kuandika "nzi mkubwa" ilhali Kiswahili kina mbung'o na chafuo, au kuandika "joto" kila mahali ilhali tuna hari na fukuto. Wambeere na Watharaka nao wana maneno yao, na hatutayapata tusipouliza.

Yupo atakayesema kwamba kupumzika mchana kutaongeza siku za utafiti na gharama. Ni kweli. Lakini hojaji sita zilizojazwa kwa pupa hazina thamani ya kisa kimoja kilichosimuliwa kikamilifu. Napendekeza basi: safari ianze saa kumi na mbili asubuhi na isimame saa nne, kisha iendelee saa kumi jioni. Kila mmoja abebe maji ya kutosha, na awe na sukari na chumvi: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi. Mwenzetu akianza kupayukapayuka, kazi isimame hapo hapo, apozwe kwa maji na apelekwe kwa mganga.

Walimu wetu wanaopanga ratiba, tunawaomba wazipange wakikumbuka lile swali la nyanya wa Ishiara.