Simu Imo Ndani ya Kivinjari, Tupakue Nini Tena?

Hivi ni nani aliyetuloga tukaamini kwamba kila anayetaka kuongea nasi kwa sauti na picha lazima kwanza atubebeshe programu yake? Chuo kina yake, benki ina yake, mfadhili wa semina naye ana yake. Simu zenyewe ndizo hizi hizi za bei poa, ukiongeza picha mbili za harusi inakwambia nafasi imejaa.

Ndugu msomaji, simu hiyo ya video unayo tayari. Imo ndani ya kivinjari, kile kile unachosomea magazeti. Teknolojia yake inaitwa WebRTC. Mwaka 2010 Google walinunua kampuni iitwayo Global IP Solutions kwa takriban dola milioni 68, na mwaka 2011 wakaumwaga msimbo wake hadharani, achukue atakaye bila kulipa. Si huruma, tusidanganyane. Kadiri unavyokaa kwenye kivinjari ndivyo Google wanavyovuna. Lakini kilichotolewa kimetolewa. Wakubwa wakagombania namna ya kubana video, hawa VP8, wale H.264, hadi Novemba 2014 mafundi wa IETF walipokubaliana kwamba vivinjari vibebe zote mbili. Safari ya Apple ikaingia 2017. Tarehe 26 Januari 2021, W3C na IETF wakaitangaza kuwa kiwango rasmi.

Maana yake ni hii: ukurasa unaomba kamera na maikrofoni, unakubali, mnaongea. Kanuni zinalazimisha mazungumzo yafichwe njiani. Sauti hubanwa kwa Opus, ambayo inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde. Hata kwa kilobiti 24, saa nzima ya sauti haifiki megabaiti 11 kwa kila upande, ukiacha vifungashio vya pakiti.

Sasa juzi nimealikwa mkutano wa waandishi wa habari wa kampuni moja, jina naliweka mfukoni. Nabofya kiungo, linatokea libonyezo likubwa la bluu: pakua. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu kama masharti ya mkopo, ndipo palipokuwa na njia ya kuingilia kwa kivinjari. Hiyo si bahati mbaya, jamani. Kuna mtu alikaa ofisini akaamua yale maandishi yawe ya kijivu. Programu ikishaingia kwenye simu itakutumia arifa usiku na mchana, itaomba majina ya watu wako, na haitoki hadi siku utakayokumbuka kuifuta. Ukurasa ukiufunga, umefungwa.

Watakuja wanaosema programu inafanya kazi vizuri zaidi. Kwa mkutano wa watu mia tano, sibishi. Kwa watu sita? Gharama nazo zipo, nakiri. Kwenye mitandao ya simu, vifaa vingi hujificha nyuma ya anwani moja ya pamoja, hivyo viwili vikitaka kuonana mara nyingi huhitaji seva ya katikati ya kupitishia mazungumzo, na seva ina bili. Video nayo inakula bando, upite kwenye kivinjari au usipite.

Lakini vyuo vyetu vikuu vina kisingizio gani? Jitsi, ya bure, msimbo wake wazi, ilianza mwaka 2003 kama kazi ya mwanafunzi Emil Ivov katika chuo kikuu cha Strasbourg, Ufaransa. Mwanafunzi! Sisi tuna vitivo vizima vya kompyuta, na bado darasa linafundishwa kwa programu ya ng'ambo inayokata mazungumzo dakika ya 40 kwa asiyelipa.

Na ya ng'ambo hufa wakati wowote mwenyewe akiamua. Muulize ndugu yako aliyeko Ulaya aliyezoea kumpigia mama kwa Skype. Ilizaliwa 2003, Microsoft wakainunua 2011 kwa dola bilioni 8.5, na tarehe 5 Mei 2025 wakaizima, wateja wakaambiwa wahamie Teams.

Kwa hiyo ninyi maofisa habari, kiungo cha kivinjari kiwekeni juu, kwa herufi nyeusi. Na ninyi wakuu wa vitivo, sisi tuliosomeshwa kwa kodi za wakulima tunauliza: zile seva za maabara zinafanya kazi gani?